Wanyama Hawatuzoei Bure

Mwaka 2023 mtafiti wa Uholanzi, Auke-Florian Hiemstra, na wenzake walieleza habari za kiota kilichopatikana juu ya mti katika ua wa hospitali mjini Antwerp, Ubelgiji. Kiota hicho kilikuwa na miiba ya chuma ipatayo 1,500, ile ile ambayo watu huipachika kwenye kingo za mapaa na madirisha ili ndege wasitue. Mjenzi wake alikuwa ndege wa jamaa ya kunguru, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu, ambaye Ulaya yuko kila mahali. Aling'oa silaha iliyowekwa kumfukuza yeye na wenzake, akaenda kuezekea nyumba yake.

Habari hiyo ilizunguka dunia, wala sishangai. Inachekesha, inatia moyo, na juu ya yote inatuondolea lawama. Ukimaliza kuisoma unabaki na hisia kwamba tujenge tutakavyo na tufyeke tutakavyo, wanyama watajua la kufanya. Nami nilicheka. Ila kadiri ninavyosoma kuhusu viumbe wanaoishi kwenye ardhi tuliyoigeuza, ndivyo ninavyoona kwamba habari za namna hii hulikwepa swali moja: huyo ndege alijifunza kitu gani hasa?

Karibu hakuna. Tangu zamani ndege huyo huezeka kiota chake kwa vijiti vyenye miiba, ncha zikitazama nje, ili wezi wa mayai washindwe kuingia. Mjini vijiti vya miiba ni adimu, miiba ya chuma imejaa tele. Ufundi ni ule ule wa mababu zake, kilichobadilika ni malighafi.

Ukiwachunguza wanyama tunaowasifu kwa kuimudu miji, wengi wao wako hivyo. Njiwa wa mijini ni uzao wa njiwa wa majabali, waliotaga kwenye nyufa na vibao vya miamba, na ghorofa lenye kingo na mashimo halina tofauti kubwa na jabali. Kozi, yule ndege anayewinda kwa kuporomoka kutoka juu kwa kasi ya ajabu, leo anaatamia kwenye madaraja na majengo marefu ya New York, kwa kuwa kwao ni kwenye magenge. Hatukuwafundisha chochote. Tulijenga, bila kukusudia, mahali panapofanana na kwao.

Sasa mfikirie ndege wa chini ya msitu mzito, anayeokota wadudu kwenye majani yaliyooza, kivulini. Yeye ataanzia wapi? Katika milima ya Usambara nchini Tanzania, William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu na kuwavisha pete tangu mwaka 1987. Msitu wa huko umekatwakatwa na mashamba ya chai na mengineyo, na baadhi ya ndege wa kivulini hawathubutu kuvuka hata uwazi mdogo ili wafike kipande kingine cha msitu. Mabawa wanayo, na umbali wenyewe si kitu. Ila hawaendi. Wanabaki ndani ya kipande chao, wanapungua mwaka hadi mwaka, na siku moja wavu unarudi bila hata mmoja wa aina yao. Hakuna anayesambaza habari ya ndege ambaye hakuonekana.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu umewakosesha raha watu wengi, nao ni mbu wa mahandaki ya treni za London. Kwa miaka mingi alitajwa kuwa ushahidi wa jinsi kiumbe anavyoweza kugeuka upesi. Ilidaiwa kwamba ndani ya muda usiozidi sana miaka 100 chini ya ardhi alikuwa mbu wa aina yake, anayeuma watu, anayejamiiana mahali pa finyu na asiyelala majira ya baridi. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba tabia hizo zina zaidi ya miaka 1,000, na kwamba chimbuko lake ni nchi za joto za upande wa Mediterania na Mashariki ya Kati, kwenye jamii za kale za wakulima. Mbu huyo alipoingia mahandakini London, alikuwa ameshaiva. Simlaumu aliyeisimulia ile hadithi ya kwanza. Ilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliofanya wachache waikague.

Kwa hiyo ninapoulizwa wanyama wanabadilikaje, naanza na jambo lisilo na mbwembwe, nalo ni saa. Kabla ya kubadili mwili, kabla hata ya kubadili chakula, mnyama hubadili saa zake za kutembea. Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walikusanya tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia kutoka mabara sita, wakaona kwamba penye watu wanyama huongeza shughuli za usiku kwa kiasi cha mara 1.36. Kwa lugha nyepesi, mnyama aliyezoea kugawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, akikaa jirani na watu hufanya asilimia 68 ya shughuli hizo gizani. Kilichonishtua ni kwamba haikuleta tofauti kubwa watu hao wanafanya nini. Wawindaji, wakulima, na watalii wanaotembea kwa miguu wakipiga picha, wote waliwasukuma wanyama kuelekea usiku kwa kiwango kinachokaribiana. Mtu mwenye kamera na nia njema moyoni anahesabiwa pamoja na mwenye bunduki.

Kuhamia usiku si jambo dogo. Macho yaliyoumbwa kwa ajili ya mchana yanalazimika kutafuta chakula gizani, na anayekwepa watu anakutana na wale ambao usiku ndio zamu yao ya kuwinda. Faida nayo ipo, tena kubwa, kwa maana pande mbili zinaweza kutumia ardhi moja bila kuonana. Mumbai, India, ina hifadhi ya Sanjay Gandhi ambayo mji umeizunguka karibu pande zote. Chui wa humo hutoka usiku hadi pembezoni mwa makazi, na sehemu kubwa ya mawindo yao ni mbwa wa mitaani. Wakazi wengi hawajawahi kuwaona. Chui, kwa hakika, wamewaona wakazi wote.

Lakini mwalimu wangu mkuu katika mambo haya ni ndovu, kwa sababu yeye amepitia kila hatua: amebadili saa, amebadili akili, na mwisho amebadili mwili.

Kola za GPS walizovishwa ndovu wa kaskazini mwa Kenya, Samburu na Laikipia, zinaonyesha mwendo ambao mtu yeyote aliyewahi kukatiza mtaa wa hatari usiku ataujua. Ndani ya eneo salama ndovu hujikokota, anakula, anasimama, anageuka nyuma. Akifika kwenye ardhi asiyoiamini, husubiri giza kisha hupita kwa kasi, moja kwa moja, hadi eneo salama linalofuata. Ujangili ukizidi mahali, sehemu ya mwendo wa usiku nayo huongezeka, kiasi kwamba mwendo huo wenyewe unaweza kuwa dalili ya kwamba mambo si shwari kabla mzoga wa kwanza haujapatikana.

Amboseli mambo ni ya ndani zaidi. Ndovu wa huko wanaishi na Wamaasai, ambao vijana wao mara nyingine huwachoma mikuki pakitokea ugomvi wa maji na malisho, na Wakamba, ambao wengi ni wakulima na hawawatishi kiasi hicho. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambamo ndovu walinusishwa nguo zilizovaliwa na wanaume wa jamii hizi mbili. Harufu ya nguo za Wamaasai iliwakimbiza zaidi na mbali zaidi. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake wakaja na sauti. Waliwarekodi watu wakisema maneno yale yale, ya kwamba kundi la ndovu linakuja, kila mtu kwa lugha yake, kisha wakawachezea ndovu kupitia spika. Waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ndovu walikusanyika na kurudi nyuma. Sauti za wanaume wa Kikamba hazikuwatia hofu hiyo, wala sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai wenyewe. Yaani ndovu anatofautisha kabila, jinsia na umri kwa sentensi moja tu, na anajua ni nani kati yao hubeba mkuki.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa kuhesabu ndovu kwa idadi peke yake. Maarifa ya namna hii ndama huyapata kwa kukaa miaka mingi nyuma ya mama, shangazi na bibi. Jike mzee akiuawa, familia haipungui ndovu mmoja tu. Inapoteza ramani ya maji ya miaka ya ukame, na inampoteza aliyejua ni nani wa kuogopwa.

Mwili hubadilika mwisho, na hubadilika kwa njia ambayo haiulizi nani ana akili. Tuanze na mbayuwayu. Huko Nebraska, Marekani, wako mbayuwayu wa aina inayofinyanga viota vya udongo kwenye magenge, na siku hizi hujazana chini ya madaraja na ndani ya makaravati. Charles Brown na Mary Bomberger Brown waliwafuatilia kwa miaka 30 kuanzia 1982, na kila msimu, wakipita barabara zile zile, waliokota waliogongwa na magari. Kadiri miaka ilivyokwenda, waliogongwa walipungua, ingawa mbayuwayu wenyewe waliongezeka na magari hayakupungua. Wakapima mabawa. Waliokufa barabarani walikuwa na mabawa marefu kuliko wenzao waliobaki hai, na kundi zima lilikuwa linaelekea kuwa na mabawa mafupi. Bawa fupi humsaidia ndege kupaa wima na kukata kona ghafla, na hilo ndilo linalohitajika unapokuwa umekaa kwenye lami na lori linakuja.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na mara nyingi husimuliwa kwa furaha: tazama, mbayuwayu wamejipatia mabawa ya kukwepa magari! Hakuna mbayuwayu aliyejipatia bawa. Wenye mabawa marefu waligongwa, msimu baada ya msimu, na wenye mafupi wakaachiwa nafasi ya kuzaa. Huenda baadhi walijifunza pia kwa kuwaona wenzao wakigongwa, sibishi. Lakini kile tunachokiita kuzoea, upande wa pili wake ni mizoga ambayo watu wawili waliiokota kando ya barabara kwa miaka 30.

Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, hesabu ni nzito zaidi. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Huko walipigana watu, kuanzia 1977 hadi 1992, wakaumia tembo. Majeshi ya pande zote mbili yaliwaua kwa ajili ya nyama na pembe, na zaidi ya asilimia 90 ya ndovu wa hifadhi hiyo wakatoweka. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5 ya majike wote. Baada ya vita walikuwa asilimia 50.9. Sababu yake haihitaji darubini: asiye na pembe hakuwa na thamani kwa mwenye bunduki, kwa hiyo ndiye aliyebaki kuzaa.

Mwaka 2021 Shane Campbell-Staton na wenzake walieleza jinsi jambo hilo linavyorithiwa. Ukosefu wa pembe unahusiana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya X, na kwa dume hali hiyo ni kifo kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana huko huwaoni madume wasio na pembe, na ndiyo maana jike asiye nazo hupata watoto wa kike wengi kuliko wa kiume. Kinga iliyomwokoa mama dhidi ya risasi inamnyima baadhi ya wanawe wa kiume. Zaidi ya hapo, pembe si pambo. Ndovu huzitumia kuchimba maji na kubandua magome ya miti, na wasio nazo walionekana kula tofauti na wenzao. Mnyama anayeangusha miti na kufungua vichaka akibadilisha chakula, msitu nao unabadilika. Risasi za vita vilivyokwisha 1992 bado zinaamua mti upi ubanduliwe na upi uachwe.

Je, mabadiliko kama haya hurudi nyuma? Mara nyingine hurudi, kama chanzo chake kikiondolewa. Nondo wa Uingereza ni ushahidi wa zamani. Kwa kawaida alikuwa wa rangi nyeupe yenye madoa. Mwaka 1848 alionekana mweusi mjini Manchester, wakati masizi ya viwanda yalipokuwa yakipaka miti rangi, na kufikia mwaka 1895 weusi walikuwa asilimia 98 mjini humo, kwa kuwa weupe waliliwa na ndege mapema. Sheria ya hewa safi ikapitishwa 1956, masizi yakapungua, na weusi nao wakawa adimu. Gorongosa pia, majike waliozaliwa baada ya vita wasio na pembe ni kama theluthi moja, si nusu tena. Tofauti ni kwamba nondo huzaa kizazi kila mwaka, na ndovu jike hubeba mimba moja kwa miezi 22. Kosa la miaka 15 kwa ndovu haliponi kwa miaka 15.

Katika yote haya, kinachoamua ni kasi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema maumbile yana nguvu za kujirekebisha. Nguvu anazo yule ambaye mabadiliko yamemkuta na kitu mkononi, au yamempa muda. Asiyekuwa na hivyo viwili, hata silika yake ya miaka milioni inageuka mtego. Kuna wadudu wanaotaga majini ambao hulitambua ziwa kwa namna mwanga unavyoakisiwa juu yake. Lami kavu na paneli za jua huakisi mwanga vivyo hivyo, kwa hiyo wanataga juu ya lami na mayai yanakauka. Watoto wa kasa wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari na leo ni taa za hoteli. Hawa si wajinga, wanatii kanuni iliyowaokoa mababu zao wote.

Na wapo ambao hata mtego hawakuusubiri. Chura wa Kihansi alijulikana kwa sayansi mwaka 1996 tu, katika korongo la mto Kihansi, Tanzania. Mdogo, hafiki urefu wa sentimeta tatu, rangi ya manjano, na jike huzaa vitoto vilivyokamilika badala ya viluwiluwi. Dunia yake yote ilikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ilipofanya kazi, karibu asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye mabomba, na manyunyu yakakatika. Sisemi bwawa lisingejengwa. Nchi ilihitaji umeme, na mimi ninayeandika haya ninatumia umeme. Nasema tu kwamba chura huyo hakupewa hata kizazi kimoja cha kujaribu.

Kilichofuata ni cha ajabu kwa namna yake. Zikawekwa bomba za kunyunyizia maji korongoni ili kuiga maporomoko. Vyura wapatao 500 walikuwa wameshasafirishwa kwenda kufugwa Marekani. Korongoni waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani kote ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na tangu 2012 waliozaliwa ughaibuni wamekuwa wakirudishwa kwenye korongo la mababu zao. Wakati ndovu anajifunza sauti ya mwenye mkuki, kwa chura huyu ilibidi binadamu ndio wajifunze: unyevu kiasi gani, joto kiasi gani, wadudu gani.

Nadhani sehemu hiyo ya kujifunza kwetu ndiyo inayostahili muda zaidi kuliko vichekesho vya viota vya chuma. Diani, pwani ya Kenya, mbega waliokuwa wakigongwa barabarani walitundikiwa ngazi za kamba na mabomba juu ya lami, wakaanza kupita kama wanavyopita matawini. Karibu na Mlima Kenya, njia ya chini ya barabara kuu ilijengwa ili ndovu wa mlimani wafike msitu wa Ngare Ndare, na dume wa kwanza alipita Januari 2011, muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Njia ya kwenda huko ilikuwa kichwani mwake tayari, alichokosa ni mlango.

Wengine hawana haraka hiyo. Katika hifadhi ya Banff, Kanada, barabara kuu ina madaraja sita ya juu yaliyooteshwa nyasi na miti, pamoja na mapito 38 ya chini, na uzio kando yake. Ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kulungu walivuka mapema. Dubu wakubwa wa kahawia walichukua miaka, mpaka mitano hivi, ndipo wakaviamini vivuko. Mkaguzi angefika mwaka wa pili akiwa na fomu yake, angeandika kwamba fedha zimepotea. Tena hata walipoanza kuvuka, dubu wa kahawia na kulungu walitaka madaraja mapana yenye anga wazi, na puma na dubu weusi wakapendelea mapito marefu, membamba, yenye giza. Kwa hiyo lile daraja moja zuri la kijani ambalo kila serikali hupenda kulipiga picha siku ya uzinduzi, kwa nusu ya wanyama wa eneo hilo, si njia.